Manjano ya mtoto mchanga si homa ya manjano: Wiki ya kwanza ya baba mpya wa Buterere

BUJUMBURA, Burundi

Mfanyabiashara anayevuka mpaka wa Kobero, Mugina au Gatumba anaijua kadi ya njano pengine kuliko anavyokijua cheti chake cha kuzaliwa. Kadi hiyo inathibitisha kwamba amechanjwa dhidi ya homa ya manjano, na tangu Julai 2016 sindano moja inatambuliwa kuwa ya maisha. Wengi huibana ndani ya hati ya kusafiria na kuitoa pale tu afisa wa afya anapoiuliza.

Kadi hiyo ndiyo iliyomjia akilini mkazi mmoja wa Buterere, kaskazini mwa Bujumbura, alipopokea simu ya mkewe akiwa Kigoma. Mtoto wao, wa kwanza, alikuwa ameingia siku ya tatu tangu azaliwe, na mama alikuwa ameona macho yake yana umanjano. Baba akaagiza kutoka huko huko aliko: shemeji yake, mdogo wa mkewe, aende kituo cha afya akaulizie sindano ya homa ya manjano.

Shemeji akaenda. Mtoto akabaki nyumbani. Muuguzi akajibu kwa usahihi kabisa kwamba chanjo hiyo haipewi mtoto mchanga na kwamba kwa kawaida husubiriwa hadi miezi tisa. Shemeji akarudi na jibu hilo, familia ikatulia, na siku nzima ikapita bila mtu yeyote wa afya kumtazama mtoto.

Kwa maradhi mengine siku moja si kitu. Kwa mtoto wa siku tatu anayebadilika rangi, siku moja inaweza kuwa ndiyo tofauti kati ya kulala chini ya taa kwa siku mbili na kuishi bila kusikia.

Baba huyo, mwenye umri wa miaka 29, ameomba jina lake lisiandikwe, kwa maelezo kwamba wakwe zake wanasoma magazeti na jambo lenyewe bado halijapoa. Anauza nguo za watoto, za mtumba na mpya, katika soko la COTEBU, lililobeba sehemu kubwa ya biashara ya Bujumbura tangu soko kuu la mji lilipoteketea Januari 27, 2013. Mzigo wake anaufuata Kigoma. Hupita barabara ya ziwani, Rumonge hadi Nyanza-Lac, kisha hupanda kwenda Mugina na kuvuka Manyovu. Ni safari anayoifanya mara mbili kwa mwezi, na anasema anaweza kuisimulia akiwa amefumba macho.

Mtoto alizaliwa Jumatatu usiku, wiki tatu kabla ya siku zilizohesabiwa, akiwa na uzito wa kilo 2.4. Alilia vizuri na akanyonya. Jumanne jioni mama na mtoto wakaruhusiwa kwenda nyumbani, na Jumatano alfajiri baba akapanda gari la Rumonge. Sababu yake ni ambayo kila mchuuzi ataielewa. Alikuwa ameshatanguliza pesa za marobota mawili, na nyumbani wageni walikuwa njiani kuja kumhemba mzazi, desturi ya Warundi ya kumtembelea aliyejifungua kwa vyakula na vinywaji. Wageni hao huja na mikono iliyojaa, lakini nao hupokelewa, na kupokea kunahitaji pesa. Akaona siku nne zitamtosha kwenda na kurudi, mama mkwe yupo, hakuna kitakachoharibika.

Jambo hasa ambalo hakulijua ni kwamba siku hizo nne, kuanzia ya pili hadi ya tano, ndizo ambazo umanjano wa watoto wachanga hupanda hadi kileleni.

Neno moja, mambo mawili

Homa ya manjano huletwa na virusi vinavyoenezwa na mbu. Umanjano wa mtoto mchanga hauambukizwi na mtu, mbu wala maji. Unatoka ndani ya mwili wake mwenyewe.

Mtoto akiwa tumboni ana chembe nyekundu za damu nyingi kuliko atakazozihitaji baada ya kuanza kuvuta hewa. Akizaliwa, chembe zilizozidi huvunjika, na katika kuvunjika huacha takataka ya rangi ya njano iitwayo bilirubini. Alipokuwa tumboni, takataka hiyo ilipitia kwenye kondo la nyuma na ini la mama likaisafisha. Sasa kitovu kimekatwa, na ini lake mwenyewe ndiyo kwanza linajifunza kazi. Mpaka lizoee, bilirubini hujikusanya kwenye ngozi na kwenye weupe wa macho.

Hali hii huwapata takriban watoto 6 katika kila 10 waliozaliwa kwa wakati wao, na 8 katika kila 10 ya wanaozaliwa kabla ya wakati. Kwa walio wengi huondoka yenyewe ndani ya wiki moja au mbili kwa kunyonya tu, kwa sababu maziwa husukuma choo, na choo ndicho kinachoitoa bilirubini nje. Ndiyo maana bibi na shangazi wengi wana haki ya kusema wamewaona watoto wa aina hiyo na wote wakapona. Ni kweli wamewaona.

Shida ni wale wachache. Bilirubini ikizidi kiwango fulani huvuka na kuingia kwenye ubongo, na humo haioshwi. Huacha uziwi, huacha mwili usiotii, mikono na shingo inayojipinda yenyewe, au huua. Aliyeponea hubaki na ulemavu huo maisha yote. Hakuna dawa ya kuurudisha ubongo nyuma, ila kuna njia za kuzuia usifike huko, na ni rahisi zikiwahiwa.

Lugha nayo ilichangia. Bujumbura ni mji wa lugha nyingi. Mtu huzungumza Kirundi nyumbani, Kiswahili sokoni, na karatasi za hospitali huandikwa kwa Kifaransa. Katika karatasi hizo umanjano huitwa jaunisse au ictère, na neno hilo la pili halifanani na rangi yoyote ambayo mchuuzi anaijua. Kiswahili nacho kimeweka neno manjano kwenye maradhi mawili yasiyo na undugu, kisha kikaweka kadi ya njano juu yake. Kwa mtu anayeishi kwa kuvuka mipaka, kosa la baba huyu halikuwa la ujinga. Alitumia maarifa aliyokuwa nayo.

Picha ya simu

Alhamisi usiku mkewe alimtumia picha ya mtoto kwa WhatsApp. Baba anasema aliikuza, akaitazama hadi macho yakamuuma, na hakuona kitu. Picha ilipigwa chini ya balbu ambayo ilifanya kila kitu kionekane njano, ukuta, shuka na mkono wa mama mkwe.

Hilo ni fundisho lenye uzito kwa wanaofuatilia familia zao kwa simu. Hata kwa macho matupu umanjano ni mgumu kuonekana kwenye ngozi nyeusi. Wauguzi humpeleka mtoto kwenye mwanga wa mchana, karibu na mlango au dirisha, wakatazama weupe wa macho na fizi, kisha wakabonyeza ngozi kwa kidole na kuachia ili waone rangi iliyo chini yake. Umanjano huanza usoni na kushuka. Ukiwa usoni tu, hali mara nyingi si mbaya sana. Ukifika viganjani na kwenye nyayo, ni hospitali hapo hapo, usiku au mchana. Na ukionekana kabla mtoto hajatimiza saa 24 tangu azaliwe, hata ukiwa usoni tu, nao ni wa hospitali mara moja, kwa sababu mara nyingi huashiria kwamba damu inavunjwa kwa kasi isiyo ya kawaida.

Ijumaa asubuhi mama mkwe alimvua mtoto nguo na kumweka juani uani, kama alivyofanya kwa wanawe. Buterere si mahali pepesi kwa shughuli hiyo. Ni eneo la bondeni linalojaa maji mvua ikinyesha, na ndipo lilipo dampo la taka za mji pamoja na mitambo ya kusafishia majitaka ya Bujumbura. Upepo ukigeuka, moshi wa taka huingia mpaka vyumbani. Mtoto alikaa juani dakika chache, akaanza kupiga chafya, akarudishwa ndani.

Mchana alilala. Alilala sana. Jirani akampongeza mama kwa kupata mtoto mtulivu. Hapa ndipo penye mtego wenyewe, kwani mtoto ambaye bilirubini imempanda haanzi kwa kulia. Huwa mzito, hulala na kupitiliza muda wa kunyonya, na akiamshwa hushika titi kidogo na kuliachia. Kwa kuwa hanyonyi, hapati choo, na kwa kuwa hapati choo, bilirubini inazidi. Mwingine alishauri apewe maji yenye glukosi. Maji hayo hayapunguzi umanjano hata kidogo. Yanajaza tumbo dogo na kuchukua nafasi ya maziwa.

Ijumaa jioni alipita mwanamke wa mtaani ambaye ni mmoja wa abaremeshakiyago, wahudumu wa afya wa kujitolea wanaotembelea nyumba kwa nyumba. Hakuangalia uso. Alifunua miguu, akazisogeza nyayo mlangoni penye mwanga uliobaki, na akasema mtoto aende hospitali usiku ule.

Hakwenda. Mama alikuwa na faranga za mboga tu. Pesa zilikuwa kwa baba, na kwa desturi ya nyumba hiyo, kama ya nyingi, safari ya hospitali ni uamuzi wa baba. Simu yake ilikuwa imeisha chaji katika nyumba ya wageni. Aliiwasha saa kumi na moja alfajiri ya Jumamosi, akakuta simu tisa ambazo hazikupokelewa.

Marobota aliyaacha kwa mwenzake wa Ngagara, akawa Manyovu kabla mpaka haujachangamka.

Bibi na jua

Ni rahisi kumlaumu mama mkwe, na familia imefanya hivyo ya kutosha. Lakini alichokiamini kina kweli ndani yake, na kweli hiyo ina historia.

Mwaka 1956, katika hospitali ya Rochford, Essex, nchini Uingereza, muuguzi mkuu wa wodi ya watoto njiti, Jean Ward, alikuwa na mazoea ya kuwatoa watoto uani wapate jua, kwa imani kwamba hewa ya nje inawafaa kuliko joto la wodini. Siku moja aliwaonyesha madaktari mtoto aliyekuwa mweupe mwili mzima isipokuwa kipande kimoja cha ngozi kilichobaki njano. Kipande hicho kilikuwa kimefunikwa na pembe ya shuka. Baadaye chupa ya damu ya mtoto mwingine ilisahauliwa dirishani penye jua, na ilipopimwa ilikuwa na bilirubini kidogo kuliko ilivyotarajiwa. Mwaka 1958 daktari Richard Cremer na wenzake wakachapisha taarifa ya kwanza ya tiba ya mwanga.

Tangu hapo imejulikana kwamba kinachofanya kazi ni mwanga wa buluu. Unapogonga ngozi huibadilisha bilirubini iwe na umbo ambalo mwili unaweza kulitoa kwa choo na mkojo bila kulisubiri ini. Jua lina mwanga huo, lakini pia lina miale inayochoma na joto linalomkausha mtoto, na dakika chache za asubuhi hazifikii kiwango cha tiba. Nchini Nigeria watafiti waliwalaza watoto chini ya mahema ya karatasi maalumu inayochuja miale mibaya, huku wakipimwa joto muda wote, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015 yalionyesha kwamba njia hiyo inaweza kusaidia mahali pasipo na umeme wa uhakika. Hayo yalifanyika hospitalini, kwa saa nyingi, chini ya uangalizi. Kumweka mtoto juani uani ni jambo jingine.

Kwa hiyo bibi aliona alichokiona Jean Ward. Alichokosa ni kipimo cha damu cha kumwambia kwamba huyu si kama wale aliowalea.

Njia ya kwenda hospitali

Jumamosi mchana, baba alipofika, mtoto alikuwa hanyonyi tena. Akafunua nyayo kama alivyoelekezwa kwa simu. Anasema hakuhitaji kuambiwa na mtu.

Kutoka Buterere hadi hospitali kubwa za Bujumbura si mbali kwa kilomita. Ni mbali kwa namna nyingine. Uhaba wa mafuta umeifanya teksi kuwa kitu cha kutafutwa na kubembelezwa, na pikipiki za abiria zimepigwa marufuku kuingia katikati ya mji tangu Machi 2022. Pikipiki iliwafikisha ilipoweza kufika. Baada ya hapo mama alitembea, siku tano tu baada ya kujifungua, hadi baba alipopata gari la mtu aliyekubali kuwabeba kwa bei ambayo hakutaka kuitaja.

Hospitalini damu ilichukuliwa kisiginoni, na majibu yaliporudi mtoto aliwekwa chini ya taa za buluu mara moja, akiwa na nepi tu na macho yamefunikwa kwa kitambaa. Daktari alieleza kwamba kiwango kilikuwa karibu na kile ambacho tiba yake ni kumbadilisha mtoto damu, kazi nzito inayofanywa kwa kutoa damu kidogo kidogo na kurudisha ya mwingine. Wangempima tena baada ya saa kadhaa na kuamua.

Saa hizo baba alizikaa kwenye benchi la nje. Anasema alihesabu mzigo wake wote kichwani, kila nguo na bei yake, ili asifikirie kitu kingine, na alipomaliza akaanza upya.

Kiwango kilishuka. Kidogo, lakini kilishuka. Damu haikubadilishwa.

Nguo za zawadi

Katika kutafuta chanzo, madaktari waliuliza maswali ambayo yanawahusu moja kwa moja wasomaji wengi wa gazeti hili.

La kwanza lilikuwa kundi la damu la mama. Ni O, na la mtoto ni A. Mama mwenye kundi O anaweza kuwa na askari wa mwili wanaovuka kwa mtoto na kuvunja damu yake ikiwa ni A au B. Kwa wengi hutokea kidogo na hupita, kwa wachache huwa kali. Ikiunganishwa na kuzaliwa wiki tatu mapema, madaktari waliona inatosha kuwa maelezo.

Swali la pili lilimshtua baba. Aliulizwa kama nguo za mtoto zilihifadhiwa na naftalini, vile vidonge vyeupe vyenye harufu kali vinavyowekwa kabatini na kwenye marobota kuzuia nondo na mende.

Zilihifadhiwa. Ndiyo kazi yake. Nguo nzuri kuliko zote katika mzigo wa mwezi uliotangulia alikuwa amezitenga kwa ajili ya mwanawe, akazifunga kwenye mfuko wa plastiki na vidonge vitatu. Mtoto alivishwa moja siku ya kutoka kituo cha afya, bila kufuliwa, kwa sababu ilionekana safi.

Mvuke wa naftalini hupenya kwenye ngozi na kwenye pumzi. Watu wengi hauwadhuru. Lakini wapo wanaozaliwa na upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, kinacholinda chembe nyekundu za damu, na hali hiyo ya kurithi imeenea zaidi katika nchi ambazo malaria imekaa kwa vizazi vingi, zikiwemo zetu. Huwapata zaidi wavulana. Mtoto wa aina hiyo akivishwa nguo yenye naftalini, chembe za damu zinaweza kupasuka kwa wingi ndani ya muda mfupi, na umanjano ukapanda kwa kasi ambayo taa peke yake haiwezi kuifuata.

Hakuna aliyemwambia baba kwamba nguo zake ndizo zilizomdhuru mtoto, na kundi la damu linabaki kuwa maelezo yenye nguvu zaidi. Lakini biashara ya nguo za watoto, kutoka marobota ya Kigoma na Kariakoo hadi meza za COTEBU na Uvira, imejaa vidonge hivyo, na mama anayenunua hapewi onyo lolote. Kufua kwa sabuni na kuanika juani mpaka harufu iishe kabisa, kabla nguo haijamgusa mtoto mchanga, hakumgharimu mtu kitu. Shuka, shali na blanketi pia.

Kifua cha baba

Tiba ya mwanga ilichukua siku mbili na nusu. Kila baada ya saa mbili au tatu mtoto alitolewa anyonye, na alipokuwa mzito wa kushika titi, mama alikamua maziwa akamnywesha kwa kikombe kidogo. Nyakati za kupumzika muuguzi alimwambia baba avue shati.

Alidhani ni utani. Lakini mtoto wa kilo 2.4 hupoteza joto haraka, mama alikuwa amechoka kiasi cha kusinzia ameketi, na kifua cha mwanaume kina joto kama cha mwanamke. Njia hii ya kumbeba mtoto ngozi kwa ngozi, ambayo Kiswahili cha hospitalini huiita kangaruu, ilianzia Bogotá, Colombia, mwaka 1978, katika hospitali iliyokuwa na upungufu wa mashine za kuwapasha watoto joto. Utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliochapishwa mwaka 2021, uliofanyika Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania kwa watoto wadogo zaidi, wenye uzito kati ya kilo 1 na chini kidogo ya 1.8, ulionyesha kwamba kuanza njia hii mara tu baada ya kuzaliwa kulipunguza vifo vya mwezi wa kwanza kwa robo.

Kwa baba huyu haikuwa suala la takwimu. Anasema hiyo ndiyo mara ya kwanza aliyomshika mwanawe kwa zaidi ya dakika tano. Jumatatu na Jumanne ile ya kwanza alimwogopa. Alionekana kama kitu cha kuvunjika. Wanaume wengine wodini, waliokuja kuleta chakula na kuondoka, walimtazama kwa jicho la pembeni. Mmoja alirudi kesho yake na kuuliza inafanywaje.

Bili na yasiyo kwenye bili

Tangu Mei 2006 matibabu ya watoto walio chini ya miaka mitano na huduma za kujifungua hutolewa bila malipo katika vituo vya umma nchini Burundi, na familia hii haikutozwa kwa kipimo wala kwa taa. Majirani nao wana sera za aina hiyo. Uganda ilifuta ada katika vituo vya umma mwaka 2001, na Tanzania inawasamehe ada wajawazito na watoto wa umri huo kwenye vituo vya serikali, ingawa mtu akifika dirishani mambo huweza kuwa na masharti yake.

Lakini usafiri, chakula cha siku za wodini na marobota yaliyouzwa na mwenzake kwa bei ya kutupa havimo katika sera yoyote. Hata hivyo, ukihesabu vizuri, gharama kubwa kuliko zote haikuwa ya pesa. Ilikuwa ni usiku wa Ijumaa, ambao mhudumu alishatoa jibu na mtoto akabaki ndani kwa sababu mwenye ruhusa na mwenye nauli alikuwa ng'ambo ya mpaka.

Baba mwenyewe ndivyo anavyolieleza. Wafanyabiashara wa mipakani wana ujuzi wa kupanga ambao wengi hawana. Wanajua kabla ya safari mzigo usiozidi dola 2,000 unapita na cheti rahisi cha asili, wanajua dereva gani anaaminika na nani wa kumwachia funguo za meza. Hakuna hata kimoja katika hivyo alichokifanya kwa ajili ya mtoto. Hakuacha nauli ya hospitali kwenye simu ya mkewe, hakumpa namba ya dereva wa usiku, na hakumwambia kwamba akiona haja aondoke bila kumsubiri. Kundi la damu la mkewe lilikuwa limeandikwa kwenye kadi ya kliniki tangu miezi ya mimba, na hakuwahi kuifungua kadi hiyo. Mwanaume anayejua tarehe ya mwisho ya kadi yake ya njano, anasema, angeweza kusoma na ile.

Sasa nguo zinazofika mezani kwake COTEBU hazikai tena na vidonge. Anazipepea juani na kuzifunga upya. Mende wamemla hasara kidogo. Akimuuzia mjamzito humwambia afue kwanza, na wapo wanaochukia, wakidhani anakiri kwamba nguo ni chafu, wakaenda meza ya pili.

Mtoto ana miezi miwili, ana kilo tano kasoro, ananyonya kama mwenye deni. Kilichobaki ni masikio. Uziwi unaoletwa na bilirubini hauonekani usoni, na mtoto mdogo anaweza kugeukia mwanga, mtikisiko au pumzi ya mtu, wazazi wakadhani amesikia. Daktari ametaka arudishwe kwa kipimo cha kusikia, na tarehe iliyoandikwa imeangukia katikati ya safari ya Kigoma. Safari hiyo ataifanya mwenzake wa Ngagara. Mama mkwe amesema naye atakuja hospitalini siku hiyo.